Kikalio Kisichohitaji Mtu wa Pili

"Basi uvute mpini mwenyewe!" Lavonne alisema, akaitua sufuria ya mchuzi mezani kwangu kwa kishindo, kijiko kikaruka kikaangukia kwenye mikate.

"Niuvuteje na niko kwenye usukani?" Doyle akajibu, macho bado yako kwenye jarida la vipuri. "Unataka nishuke, nipande, nishuke, nipande, kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

"Mimi nimeshuka na kupanda miaka kumi na moja."

"Na umezoea. Mtu haachi kazi aliyoizoea."

"Bega langu limeacha, Doyle. Halikukuaga, lakini limeacha."

Doyle akanigeukia mimi. "Bibi Ludie, mwambie huyu mwanamke kwamba kikalio kinachoteleza chenyewe ni cha wanaume walioachwa na wake zao. Mwanaume mwenye mke, cha mpini kinamtosha."

Nikasema mimi nina miaka themanini na mmoja, sina mume wala pikapu, na mchuzi unapoa. Lakini nilimtazama Lavonne, nikaona anakata mkate wake vipande vidogo vidogo bila kula hata kimoja, nikajua leo hawagombani kwa kupitisha muda.

Sisi wa kambi ya Turkey Creek tunaishi kwenye trela, nyumba za magurudumu za kuvutwa na pikapu, zile kubwa zenye pua ndefu iliyoinuka. Chini ya pua kuna pini, na pini inakaa juu ya chuma kipana kilichofungwa kwa bolti katikati ya bodi ya pikapu, kule nyuma panapobebwa mizigo. Wauzaji wana jina lao refu kwa chuma hicho. Sisi tunakiita kikalio, na wazee wasio na adabu wana jina lingine ambalo mhubiri alinikataza kulisema mbele ya watoto. Ukiwa na pikapu ya bodi ndefu, hata kikalio kisichotembea kinakufaa, unakata kona unavyopenda. Doyle alinunua ya bodi fupi. Alitaka milango minne, siti ya nyuma iwe ya wajukuu. Wajukuu wako Tulsa na hawajawahi kuikalia. Miaka yote hiyo siti ile imebeba kofia yake tu.

Na bodi ikiwa fupi, pua ya trela iko karibu mno na kioo cha nyuma cha pikapu. Barabara ikiwa imenyooka, hakuna neno. Kona kali ikija, pembe ya trela inageuka kukitafuta kioo. Dawa yake ni kikalio kinachoteleza. Kabla ya kona unasimama, gari na trela zikiwa zimenyooka, mtu anavuta mpini ulio ubavuni, dereva anakaza breki za trela na kusogeza pikapu mbele futi moja, mpaka usikie ta! Ukimaliza kona unakirudisha kilipokuwa, maana uzito lazima ukae juu ya ekseli. Usipokirudisha, pikapu itainua pua kama farasi aliyeona nyoka.

Mtu mmoja angeweza kuyafanya yote hayo, mradi ashuke. Doyle hakuwahi kushuka.

Lavonne huyu nimemjua tangu akiwa msichana huko Cimarron, kwenye shamba la mama yake, mahali ambapo upepo ukivuma unampokonya mbwa sauti yake. Mbwa wetu alibweka Jumatatu, jirani aliye maili sita akasikia Jumanne, akaja Jumatano kuuliza mwizi alikuwa nani. Lavonne alikuwa mfupi hata wakati ule. Mama yake alimfungia mawe mfukoni akienda shule, asipeperushwe. Watu wakinisikia wanacheka, lakini yale mawe mimi niliyaona, yalikuwa mawili, na la kushoto lilikuwa zito zaidi, ndiyo maana mpaka leo anatembea akiinama upande huo.

Akaolewa na Doyle Tackett akiwa na miaka kumi na tisa. Doyle alikuwa mchimba mafuta, mrefu futi sita na inchi tatu, na kwa kuwa mitambo ilimziba masikio alizoea kusema kwa sauti ya juu na kutosikia jibu. Lavonne alimfuata kisima hadi kisima. Alizaa mtoto mmoja, akamlea kwenye nyumba za kupanga kumi na nne. Hiyo hesabu ni yake, mimi sikwenda shule, hesabu zangu zinaishia kwenye mayai. Doyle alipostaafu, mama yake Lavonne akafariki, shamba likauzwa, na Lavonne akachukua fungu lake lote akanunua trela. Karatasi zina jina lake peke yake. Siku ya kuileta alinishika mkono akanizungusha ndani. "Bibi Ludie, tazama. Dirisha hili ni lile shamba la mahindi. Jiko hili ni ng'ombe wanane wa mama." Hakuna kitu ndani ya trela ile alichokiita kwa jina lake. Vyote alivitaja kwa majina ya vitu vya mama yake.

Kuna jambo la kambi zetu ambalo lazima ulijue. Trela mpya ikiingia jioni, watu wote wanatoka na viti vyao vya kukunja na bia zao, wanakaa mstari kutazama mgeni akiirudisha nyuma kwenye nafasi yake. Hatuna burudani nyingine. Mume yuko kwenye usukani, mke yuko nyuma kwenye vumbi akipunga mikono. Mume anakosea, mke anapigiwa kelele. Nimeona ndoa tatu zikivunjika pale, na moja ikifungwa. Lavonne alikuwa na mikono mizuri kuliko mke yeyote niliyemwona. Kiganja hiki kushoto, kile kulia, ngumi simama. Angeweza kuingiza meli kwenye bafu. Na bado Doyle akishuka alisema mbele ya viti vyote, "Ningeingia mara moja, ila huyu alinichanganya." Watu wakacheka, na Lavonne akacheka pia, maana kucheka ndiko kulikomaliza mambo haraka.

Aprili iliyopita walikuwa wakirudi kutoka kusini. Mvua kubwa, kituo cha mafuta chembamba, kona kali ya kutokea. Lavonne akafungua mlango ashuke kuvuta mpini. Doyle akamwambia, "Funga mlango, utalowesha siti. Naweza kupinda hapa polepole." Akapinda. Pembe ya trela ikapita kwenye kioo kama ngumi kwenye karatasi, na kikalio chenyewe kikapinda. Lavonne alishonwa nyuzi saba nyuma ya shingo. Walipovutwa mpaka Turkey Creek na lori la msaada, Doyle alishuka, akavua kofia, akawaambia watu waliokuwa wameshaketi kwenye viti vyao, "Mama amesahau mpini."

Hiyo tu. Mama amesahau mpini. Lavonne alisimama na bandeji shingoni akingoja aseme mengine, na mengine hayakuja. Kuanzia siku ile kambi nzima ikamwita Mama Mpini. Watoto wanamwamkia hivyo, wala hawana ubaya. "Habari ya asubuhi, Mama Mpini." Anaitikia.

Tangu Aprili wako hapa, hawawezi kusogea, mpaka wanunue kikalio kingine. Sasa ni Oktoba. Doyle anataka kusini, Texas, kwa wenzake wa domino. Lavonne anataka New Mexico, kwa dada yake Ardith, ambaye macho yanamwishia na amebaki peke yake kwenye kiwanja chenye nafasi ya trela, bomba na umeme. Ardith alipiga simu Septemba. "Njoo kabla sijaacha kukuona." Doyle hajazungumza na Ardith miaka kumi na tano, kwa sababu ya neno ambalo Ardith alilisema kuhusu kofia ya Doyle kwenye mazishi fulani. "Huko mimi siendi," alisema, na kwake yeye hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Nilimwambia Lavonne apande basi. Akanitazama kama nimemtukana.

"Niende na sanduku, Bibi Ludie? Nikalale kwenye kochi la dada yangu kama mgeni? Ile ni nyumba yangu. Ni ng'ombe wa mama yangu. Nikiondoka naondoka nayo nyuma yangu, au siondoki."

Kumbe ndiyo sababu ya ule ugomvi wa mchuzi. Kwa kikalio cha mpini, na bega lile ambalo daktari amelikataza hata kubeba ndoo, Lavonne alikuwa amefungwa Turkey Creek kama mbuzi. Kwa kile kinachoteleza chenyewe, ambacho kinajirudisha nyuma kona inapoanza na kujisogeza mbele inapokwisha, angehitaji tu miguu ya kufika kwenye pedali.

Jumamosi tulikwenda wote watatu kwenye ghala la Wendell Purcell, anayeuza vikalio vilivyokwishatumika. Alikuwa navyo vitatu, amevipanga sakafuni juu ya magunia.

"Hiki cha kwanza hakitembei," Wendell akasema. "Ni chepesi, ni rahisi, hakiharibiki kamwe."

"Hicho!" akasema Doyle.

Lavonne alivua aproni, kwa maana alikuja nayo, akachomoa kamba yake yenye fundo. Alikuwa ameipima asubuhi kwenye trela, nusu ya upana wake kuanzia kwenye pini. Akapanda kwenye bodi ya pikapu, akaweka mwisho wa kamba pale pini inapokaa, akaivuta kuelekea kioo. Kamba ikafika kwenye kioo na bado ikabaki ya kuning'inia, shibiri moja na vidole viwili.

"Hiyo shibiri," akasema, "ndiyo itakayoingia ndani, Doyle. Itaingia shingoni kwangu tena."

Wendell akakuna kidevu. "Bi Lavonne amepima vizuri kuliko mimi, mzee mwenzangu. Hicho kitoe kichwani. Chagua kati ya hivi viwili. Hiki cha mpini, hiki cha kwenda chenyewe. Cha kwenda chenyewe kina kibati chake," akainua bati nene la chuma, umbo kama jembe, jeusi kwa grisi, "ambacho unakifunga kwa bolti chini ya pua ya trela, kwenye pini. Kibati ndicho kinachokiambia kikalio kona imeanza. Bila kibati kikalio chote hiki ni uzito wa kumaliza mafuta tu, usithubutu kutoka nacho hata getini."

"Na bei ni mara mbili," akasema Doyle.

"Mara mbili na kidogo."

"Basi cha mpini. Mpini nina mtu wake."

Nilimwona Lavonne akiifunga upya kamba ya aproni yake kiunoni, polepole, fundo la kwanza, fundo la pili, kama mtu anayefunga mzigo ambao hautafunguliwa tena. Mdomo wangu ukawasha. Na mdomo wangu ukiwasha, mimi siuzuii, ndiyo maana mhubiri ameniomba nisikae viti vya mbele.

"Chukua cha mpini, Doyle," nikasema. "Alikuwa nacho pia Harlan Stroud wa Beaver. Mlimjua Harlan?"

Hawakumjua. Hata mimi nilikuwa ndiyo kwanza namjua.

"Mkewe Nadine alimvutia mpini miaka thelathini. Wakafika Nebraska, Nadine akashikwa na mawe ya nyongo, akafa Ijumaa. Harlan akamzika, akapanda pikapu, akaondoka. Kufika kona ya kwanza, akasimama, akangoja. Akapiga honi. Hakuna aliyeshuka. Na mwanaume huyu hakujua hata mpini uko ubavu gani, kushoto au kulia, kwa maana hakuwahi kushuka. Aibu ikamzuia kuuliza. Basi akaamua kwenda barabara zilizonyooka tu. Na mnazijua barabara za huko, hazina kona mpaka kiyama. Akaenda Dakota. Akaenda Kanada. Watu walimrushia mikate dirishani akipita, mke wa polisi mmoja alimkata nywele huku akikimbia kando ya gari. Alifika kwenye barafu, na barafu ni pana, ndiko alikogeukia, duara moja la maili mia. Mwaka juzi nilimwona kwa macho haya akipita hapa Turkey Creek. Nikampungia mkono. Naye akanipungia. Lakini hakuweza kukata kona aje anisalimie."

Wendell alicheka mpaka akakaa kwenye gunia. Doyle naye alianza kucheka, kisha kicheko kikamwishia katikati. Akamtazama mkewe. Alimtazama kwanza bega, halafu miguu iliyovimba kwenye viatu, halafu uso, taratibu, kama mtu anayekagua matairi kabla ya safari ndefu.

"Ni kweli," akasema. "Bega limeshakwenda. Moyo nao una zile kelele zake. Huyu akinitangulia, Wendell, nani atanivutia?"

Alisema hivyo mbele yake. Kwa sauti yake ile ya kisimani.

"Nipe cha kwenda chenyewe," akasema.

Nilikuwa nimeshinda. Nimesema uongo maisha yangu yote kwa ajili ya kuwachekesha watu, na sikumbuki uongo wangu mwingine uliofaulu kama ule, wala ulioniacha na ladha mbaya hivyo mdomoni. Lavonne alipanda pikapu. Njiani alitazama nje. Tulipokaribia getini akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Kumbe alikuwa anaona. Alikuwa anaona miaka yote, bega, miguu, moyo. Mimi nilidhani haoni."

Wendell alikuja akakifunga siku ileile, kikalio kwenye bodi, kibati chini ya pua ya trela, akaiacha pikapu imeunganishwa na trela.

Kesho yake ikawa Jumapili. Basi dogo la kanisa linapita saa tatu na nusu na kuizoa kambi nzima, na Doyle huwa wa kwanza kupanda, kwa sababu ndiye anayepitisha sahani ya sadaka na anapenda kuonekana. Lavonne alisema bega linauma. Mimi nikabaki naye. Basi lilipozama nyuma ya mlima tulikuwa na saa mbili.

Sikujua kama ataweza kuitoa trela. Alichomoa umeme, akachomoa bomba la maji, akakunja mpira wa maji machafu, akaondoa magogo kwenye magurudumu, akapandisha miguu ya mbele, na mkono wake mmoja ukifanya kazi ya miwili. Kisha akasimama na funguo mkononi akicheka bila sauti.

"Bibi Ludie, unajua? Kazi zote za safari nazijua. Kazi nisiyoijua ni moja tu, ya kukaa."

Akavuta siti ya dereva mbele mpaka kifua kikagusa usukani. Hata hivyo kwa nje uliona nywele tu, kana kwamba pikapu inaendeshwa na wigi. Tukatoka polepole mpaka uwanja wa mnada wa ng'ombe, ambao Jumapili hauna mtu. Akazunguka kwa upana mara mbili. Kisha akasimama, akashika usukani kwa mikono yote miwili.

"Sasa kona," akasema.

Akapinda kushoto, mpaka mwisho. Nyuma yetu kikalio kikaanza kunguruma chenyewe, kinajisukuma taratibu, na pembe ya trela ikaja, ikaja, kubwa, nyeupe, ikajaa kwenye kioo cha nyuma. Lavonne akafumba macho na kuinamisha kichwa, mkono mmoja umeshika kovu shingoni. Gari likaendelea kupinda lenyewe. Nilingoja. Hakuna kilichovunjika. Nilipogeuka, kati ya pembe na kioo palikuwa na nafasi ya mkono wangu mzima.

"Fumbua," nikamwambia. "Umepita."

Alifumbua, akatazama nyuma, akazima injini katikati ya uwanja wa ng'ombe. Akalia, lakini si kilio cha furaha. "Ni rahisi hivi," akasema. "Ilikuwa rahisi hivi tangu siku ya kwanza. Miaka kumi na moja nimekimbia kwenye mvua na matope, na dawa ilikuwa inauzwa dukani."

Kurudi kwenye nafasi yake nilishuka kumwonyesha kwa mikono. Nilipunga kama mtu anayefukuza nyuki. Akachungulia dirishani akaniambia, "Bibi Ludie, shusha mikono, unanichanganya," na hapo tu tulicheka kweli, maana alilisema kwa sauti ya Doyle. Akaingia mara moja. Magurudumu yakakaa kwenye alama zilezile za vumbi. Hakukuwa na mtu kwenye viti kuona. Akarudisha magogo, umeme, maji, mpira. Basi la kanisa lilipokuja alikuwa ameketi ngazini na mfuko wa barafu begani.

Jana, Jumanne, alikuja kwangu asubuhi. Nilikuwa nimepika kahawa na kukata keki ya pekani. Doyle alikuwa ameamka mapema, akaichomoa pikapu kwenye trela akaenda nayo posta, akarudi, halafu nikasikia spana ikigonga chuma upande wa kwao, ka, ka, ka. Nikadhani anatengeneza ngazi ya mlango wao, ile inayolegea.

Lavonne alifunua kitambaa cha meza, akatandaza ramani chini yake ili mtu akiingia aweze kuifunika. "Alhamisi," akasema kwa sauti ya chini. "Wendell anampeleka Doyle kwa daktari wa macho Amarillo. Wanaondoka saa moja, hawarudi kabla ya jioni. Nitapita huku, si barabara kuu. Saa tisa niko kwa Ardith."

"Na yeye akirudi, atalala wapi?"

"Kwa Wendell kuna kitanda. Ile pikapu nitamrudishia baada ya wiki. Mpwa wa Ardith ataileta." Akapitisha kidole kwenye mstari wa barabara. "Nimemwandikia barua. Nimeiandika mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa kurasa tano. Sasa ni mstari mmoja."

"Inasemaje?"

"Mama amekumbuka mpini."

Spana ilikuwa imenyamaza. Sikujua imenyamaza tangu lini. Nikammiminia kahawa, nikamtazama anavyokunywa, mfupi kwenye kiti changu, miguu haigusi sakafu.

"Lavonne," nikasema, "Jumapili, uliporudi. Magogo ulirudisha. Umeme ulirudisha. Siti ya dereva je? Uliisukuma nyuma?"

Kikombe chake kikasimama njiani. Nilimwona akirudi kichwani mwake hatua kwa hatua, anairudisha trela, anazima injini, anafungua mlango wa pikapu, anaruka chini.

"Bibi Ludie," akasema, "mimi sidhani kama ni..."

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Doyle aliinama kuingia, kama anavyoinama kila mahali, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Alivuta kiti, akaketi, magoti yake marefu yakagonga meza, kisha akakiweka kile kibati cha kikalio, alichokifungua chini ya pua ya trela, katikati, juu ya kitambaa, pale ramani ilipokuwa chini yake, na bolti zake nne akazipanga kando ya keki, moja, moja, moja, moja.

"Kahawa ipo, Bibi Ludie?" akauliza.